Mashavu ya Kisu cha Mzee Magoti

Ninyi vijana siku hizi mtu akipata kazi nzuri mnasema amepata shavu. Mjukuu wangu aliponiambia hivyo kwa furaha, nilimtazama usoni kwanza nione kama amevimba. Kisha nikamwambia kwamba bibi yake alipata mashavu kabla yeye hajazaliwa, tena mawili mawili, na kila moja lilikuwa na matundu ya ribiti.

Hilo lilikuwa neno letu la kazi. Kisu cha kukunja, kile kinacholala mfukoni, kina vibati viwili vya chuma ambavyo ubapa hujificha katikati yake. Juu ya kila kibati hupachikwa kipande cha mti, mfupa, pembe au plastiki ili mkono upate pa kushika. Vipande hivyo viwili tuliviita mashavu. Yakipasuka au yakilika, kisu kinabaki mbavu tupu, na mwenyewe anakipeleka kwa fundi. Pale Musoma, jirani na soko la Mwigobero, fundi huyo alikuwa Mzee Mafuru. Aliyekaa naye kwenye benchi, kitambaa kichwani na tupa mkononi, nilikuwa mimi.

Wateja wageni walinipa raha. Mtu anaingia, anazungusha macho.

"Dada, fundi yuko wapi?"

"Amekaa."

"Wapi?"

"Hapo unapomwangalia."

Wapo walioinama kutazama chini ya benchi.

Mnaojifunza ufundi mnaniuliza kazi ile ilikuwaje. Nitawaambia, lakini zaidi nataka kuwasimulia habari ya pembe moja ya ng'ombe aliyekuwa na jina, na jinsi mzee mmoja wa Butiama alivyokaribia kuikosa mikononi mwetu.

Kwanza mjue hali. Ulikuwa wakati ambao maduka yalikuwa na rafu na rafu zilikuwa na vumbi. Sabuni ilipangiwa foleni. Kisu kipya kilikuwa habari ya kusimuliwa kijijini. Aliyekuwa na kisu cha zamani chenye chuma kizuri alikitunza kama jino la mbele, na kikiharibika mashavu hakukitupa, alituletea sisi. Nasi vifaa tulivitoa popote. Tulikusanya mipini ya miswaki iliyokwisha nywele, vichana vilivyong'oka meno, na plastiki nyekundu za taa za nyuma za malori. Mashavu ya taa yalipendwa sana, yaling'aa kama pipi. Siku moja dereva wa lori alikuja kuchukua kisu chake, akakiinua juani, akasema, "Rangi hii naifahamu." Akatoka nje kwenda kukagua lori lake. Tulimsikia anavyolizunguka. Hakurudi kushukuru.

Msasa wa dukani haukuwapo, kwa hiyo tulirudi kwa wenye jina lao, yaani majani ya mti wa msasa. Yanakwaruza vizuri yakiwa yamenyauka kidogo. Mabichi yanapaka utomvu, na yaliyokauka kabisa yanavunjika mkononi. Nawaambia ninyi mnaonung'unika mkikosa namba fulani ya msasa.

Gundi nayo tulijitengenezea. Samaki ana kifuko cha hewa tumboni, ndicho kinachoitwa bondo. Leo wafanyabiashara wanagombea mabondo ya sangara kuyapeleka nje. Sisi tuliyachemsha mpaka yakawa uji mzito, tukagundisha nayo. Gundi ile ikikauka, mti utapasuka na kiungo kitabaki. Adui yake ni maji, hasa ya moto. Ndiyo maana kwenye kisu ilishika shavu kwa muda tu, wakati wa kutoboa, ili tundu la upande huu lilingane na la upande ule. Baada ya hapo ribiti, vile vijiti vya shaba vinavyopenya shavu na kibati, zilipokea kazi. Mzee Mafuru alinirudia hilo mpaka nikaliota. "Nyangeta, gundi hii ichukulie kama uchumba tu. Ndoa ni ribiti." Gundi hiyo aliijivunia sana. Mgeni akipita alimwonyesha kiti cha benchi kilichogundishwa nayo, akamwomba akae kwa nguvu.

Basi, siku moja akaja Mzee Magoti kutoka Butiama. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo, na kwapani alikuwa na fulana ya zamani iliyokunjwa. Nilimwamkia, akaitikia. Akaifungua fulana taratibu na kuweka pembe moja nyeusi juu ya benchi.

"Huyu ni Karani," akasema.

Mzee Mafuru akaitazama pembe, akamtazama mgeni. "Karani wa wapi?"

"Wa nyumbani kwangu. Ng'ombe yangu ya kulimia. Alikuwaga hagusi shamba mpaka asimame aliangalie lote, toka kushoto mpaka kulia, kama anaandika. Watoto wakamwita Karani."

"Alikuwa mwaminifu, au alikuwa karani kama makarani wengine?"

Mzee Magoti akafikiri kwanza. "Mahindi ya pembeni alikuwaga anakula," akakiri.

Akatueleza mengine moja moja. Miaka ile trekta za kijiji zilipokaa bila vipuri, nyasi zikaota hadi kwenye usukani, Karani alilima shamba lake na la majirani, na watoto wakala. Sasa ng'ombe alikuwa amekufa kwa uzee, na mzee mwenyewe miguu haikumruhusu tena kufuata jembe. "Jina limenifikia," alisema, akijigonga magotini. Akatoa mfukoni kisu cha kukunja, chuma kizuri sana, hakina shavu hata moja.

"Mkono huu umezoea kumshika huyu," akasema. "Nataka niendelee kumshika. Ni hilo tu."

Pembe si mti. Unakata ncha na shina, unaichemsha ndani ya debe mpaka ilegee, unaipasua kwa urefu, unaifungua kama ganda la ndizi. Halafu unaichemsha tena na kuibana kwenye jiliwa katikati ya vyuma viwili ili inyooke. Kisha unaiacha kivulini ikauke kwa muda wake. Ukiiharakisha, itakungoja umalize kila kitu, halafu itajikunja kurudi umbo lake la zamani ikiwa mfukoni mwa mteja. Kila pembe nzuri ilitupa mabapa mawili, yaani mashavu ya kisu kimoja.

Mzee Magoti tulimwambia asubiri. Alisubiri kwa namna yake. Kila akija Musoma alipita kwetu, akasimama mlangoni, akauliza, "Anaendeleaje?" Kama anaulizia mgonjwa wa wodini.

"Anaendelea vizuri," nilimjibu.

"Ameshaoga?"

"Ameoga mara moja, bado mara ya pili."

Anatikisa kichwa, anaondoka ameridhika.

Wiki ileile aliyokuja Mzee Magoti alikuja pia mvuvi wa Mugango aitwaye Masatu. Aliingia akitembea kwa kuitanua miguu, naye akaweka pembe juu ya benchi, nyeusi vilevile.

"Karibu kiti," Mzee Mafuru akamwambia.

"Asante, nimesimama."

"Kaa, bwana. Gundi yake ni ya kwangu, hakivunjiki."

"Fundi," Masatu akasema, "ningeweza kukaa nisingekuja."

Ikabidi aeleze. Alikuwa ameinama ufukweni akiosha nyavu zake, na nyuma yake kulikuwa na dume la shemeji yake limekuja kunywa maji. Hakuliona. Lenyewe lilimwona, tena sehemu iliyokuwa inaonekana vizuri zaidi. Baadaye dume lile lilichinjwa kwenye harusi ya huko huko. "Wenzangu waliomba nyama," akasema. "Mimi niliomba pembe. Nataka niishike ngumini kila siku ziwani. Nikikata kamba naifinya, nikikunja kisu naifinya."

Mzee Mafuru alicheka mpaka akaenda kunawa uso. Mimi niliandaa debe.

Hapo nieleze jambo moja, maana mtajiuliza watu hawa walihangaika na pembe kwa nini. Mambo yalikuwa yameshabadilika. Ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilikuwa imekuja, na bidhaa zikaja nyuma yake. Nilikwenda Bunda kutafuta mafuta ya pamba ya kung'arishia, nikakuta kijana sokoni ametandika turubai, na juu yake visu vya kukunja vipya, vyekundu, vyeusi, vya kijani, vimejaa kama dagaa.

"Mama, chukua," akaniambia. "Ukichoka unatupa."

Niliporudi nilimsimulia Mzee Mafuru. Akauliza, "Mashavu yao yana ribiti?"

"Hayana. Yamemiminwa kiwandani kama uji."

"Basi," akasema, na hakusema basi ya nini. Lakini wote wawili tulijua. Wateja wa haraka wangehamia kwenye turubai. Waliotubakia ni wale wenye sababu ya moyoni, na mtu wa namna hiyo ukimkosea huna cha kumpa badala.

Sasa, siku hiyohiyo niliyokuwa Bunda, Mzee Mafuru alikuwa peke yake na debe. Pembe zote mbili zilikuwa zimeshapasuliwa na kuparuliwa nje, mabapa manne yanafanana kama watoto wa shule moja. Kawaida yetu ilikuwa kuyafunga alama kwa uzi wa wavu, yenye fundo ya huyu na yasiyo na fundo ya yule. Uzi ulikuwa umekwisha. Mzee akachana vitambaa, chekundu cha Karani, cheupe cha dume, akavibandika kwenye mabapa kwa gundi yake ya mabondo. Akangoja ikauke. Akajaribu kuvibandua, vikakataa. Akaridhika. Akatumbukiza yote kwenye maji yanayochemka.

Nilipofika nilimkuta amesimama kando ya debe na kijiti mkononi.

"Nyangeta, njoo uone."

Juu ya maji vilikuwa vinaelea vitambaa, vyekundu na vyeupe, vinazunguka pamoja. Chini kulikuwa na mabapa manne, yote uchi.

"Mzee," nikasema, "ulibandika na nini?"

"Ile ilikuwa gundi nzuri," akajibu. "Ilishika kabisa."

Tuliyabana, tukayakausha, tukaanza kuyakwangua. Ndipo tukaona mawili yana ukingo wenye rangi ya asali, na mawili ni meusi kote. Kwa hiyo tulijua lipi ni ndugu wa lipi. Tusichojua ni familia ipi ilikuwa ya Karani.

Mzee Mafuru akalikuna shavu lake mwenyewe. "Tumpe Magoti haya ya asali. Ni mazuri zaidi. Nani atajua?"

"Wewe utajua. Na akija kusimama mlangoni akauliza anaendeleaje, siku hiyo utajibu wewe. Mimi nitakuwa nimekwenda sokoni."

Alikwangua kidogo, akaacha. "Waite wote wawili," akasema.

Walikuja siku ya soko, wakakutana kwetu kwa mara ya kwanza. Mzee Mafuru aliwaeleza yote huku anaitazama jiliwa, kama vile yenyewe ndiyo iliyokosa. Alipomaliza nilipanga mabapa manne juu ya benchi.

Mzee Magoti akayachukua moja moja. Akayapima kwa kiganja, akayanusa, akayaweka. Alirudia tena. Nilimwangalia mkono, ulikuwa unatafuta kitu na haukipati.

"Naijua pembe yake kwa nje," akasema mwishoni. "Ndani yake sikuwahi kuingia."

"Mimi ya kwangu hata kwa nje siijui vizuri," Masatu akasema. "Ilikuja kwa nyuma."

Mzee Magoti hakucheka. "Kwa hiyo mimi nitakuwa nampapasa huyo mhuni wenu wa Mugango, na Karani anafinywa ziwani bila kosa."

Lilikuwa ndilo jambo lenyewe, na alikuwa amelisema lote.

"Lakini na nyie," akaendelea, sauti imepanda, "ng'ombe gani inachoma watu? Kwetu Butiama ng'ombe hazichomi watu."

"Kwenu watu hawainami," Masatu akasema. "Wangeinamia nini? Hakuna maji."

"Watu wa ziwani hamjuagi kufuga. Mnafugaga nyavu."

"Wavu haujawahi kunipiga pembe, mzee wangu."

Nilitegemea utani ule utalainisha mambo. Haukulainisha. Mzee Magoti aliikunja ile fulana yake tupu, akaiweka kwapani, akachukua kisu chake kisicho na mashavu na kukirudisha mfukoni.

"Nawashukuru kwa kazi," akasema. "Kama sina hakika ni yeye, sitaki."

Akageuka kuelekea mlangoni.

"Mzee, kaa kwanza," Masatu akamwita. "Wewe unayeweza kukaa, kaa."

Mzee Magoti akasimama, mkono kwenye fremu ya mlango.

"Nauliza fundi," Masatu akasema. "Kisu kina mashavu mangapi?"

"Mawili," nikajibu mimi.

"Na mimi nilipigwa pembe upande mmoja tu."

Tukamtazama. Yeye naye akatutazama kama watu wagumu wa kuelewa.

"Upande mmoja, jamani! Upande wa pili mzima kabisa, mkitaka nitawaonyesha."

"Hatutaki," nikasema.

"Basi kisasi changu ni cha shavu moja. Nikiwa na moja la dume, linanitosha. Kwenye hilo lingine anaweza kukaa yeyote."

Mzee Mafuru alikuwa wa kwanza kuelewa. Akanyoosha mkono, akachukua bapa la asali na bapa jeusi, akayalaza pamoja upande huu wa benchi. La asali lililobaki na jeusi lililobaki akayalaza upande ule. Kila kisu kingepata moja la huku na moja la kule. Karani awe wa asali, awe mweusi, angekuwa ndani ya visu vyote viwili. Hakukuwa na namna ya kumkosa.

Mzee Magoti alirudi kutoka mlangoni hatua kwa hatua.

"Na yule mhuni?"

"Atakuwa upande wa pili," Mzee Mafuru akasema.

"Wanatazamana?"

"Wamepeana mgongo. Katikati kuna chuma."

"Chuma cha nguvu?"

"Ni chako mwenyewe. Unakijua."

Mzee Magoti akakitoa tena kisu mfukoni, akakiangalia. Kisha akaketi kwenye kile kiti cha benchi, na hapo nikajua tumempata.

Msidhani kazi iliyofuata ilikuwa nyepesi. Mashavu ya pembe moja yanazaliwa pacha, yanalingana ugumu, yanakwanguka kwa mwendo mmoja. Haya yalikuwa wageni. La asali lilikuwa laini kidogo na likaliwa haraka na tupa, jeusi likabisha. Ukifuata macho utayaacha na unene tofauti, na kisu kitakaa mkononi kimelalia upande. Fumba macho. Shika kisu, pitisha kidole gumba huku na cha shahada kule, na kidole kitakachosimama kwanza ndicho kinachosema pa kukwangua. Acha nafasi ya ukucha kuufungulia ubapa, maana nimeona mashavu mazuri yaliyogeuza kisu kuwa kipande cha pembe kisichofunguka. Ribiti tulizitoa kwenye bomba bovu la shaba. Pembe haitaki nyundo ya hasira: gonga kidogo, geuza, gonga kidogo, mpaka kichwa cha ribiti kitanuke chenyewe. Ukipiga pigo moja kubwa kama mnavyopenda ninyi, itapasuka kutoka tundu hadi ukingoni, na hapo hata uje na vitambaa vya rangi zote havitakusaidia.

Mzee Mafuru alinisukumia mimi kisu cha Mzee Magoti. "Mkono wangu bado una aibu," alisema. Nilikimaliza kwa majani ya msasa, kisha majivu laini, kisha yale mafuta ya pamba ya Bunda.

Walikuja kuvichukua pamoja. Sijui walikuwa wamepatana wapi, lakini waliingia mlangoni wakibishana kama watu waliotoka mbali na ubishi uleule. Masatu alikuwa amepona kiasi cha kukaa, akakaa, akakaa tena ili wote tumwone.

Nilimpa Mzee Magoti kisu chake. Alikifungua, akakikunja. Hakuutazama ubapa. Akakigeuza upande wa asali, akakigeuza upande mweusi, akarudi wa asali. Kidole gumba chake kilikuwa kinatembea juu ya shavu lile polepole, toka kushoto mpaka kulia. Akaacha kukigeuza.

"Huyu hapa," akasema.

Mzee Mafuru akainuka nusu kwenye kiti. "Umemjua?"

"Sikumjua," Mzee Magoti akasema. "Nimemchagua."

Masatu hakubisha. Alikigeuza kisu chake, akatafuta shavu jeusi, akaweka kidole gumba juu yake na vidole vinne upande wa pili, akafinya kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ikamtoka mkononi.

"Taratibu wewe," Mzee Magoti akamwambia. "Ukimbana hivyo na wangu anaumia."

Masatu akakitazama kisu. Akalegeza vidole.